Gari la tabo linateleza mstarini: kusoma tairi na kupanga upepo, Mtwara na Lindi

Gari la tabo lililoongezwa nguvu likianza kupoteza muda, watu hukimbilia kompyuta ya injini: busti (presha ya hewa ambayo tabo husukuma ndani ya injini) ishushwe, petroli iongezwe, taimingi (wakati wa cheche kuwasha mafuta) iguswe. Mara nyingi kosa liko chini zaidi, pale mpira unapokutana na lami. Mark II ya JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE hutoka kiwandani na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 378 kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,400, na yote hupitia matairi mawili ya nyuma ya 225/50R16. Ukipandisha busti bila kupanga upepo wa matairi hayo, unaongeza moshi tu.

Yanayofuata yanahusu mbio za mstari ulionyooka za mita 402, au nusu yake, mita 201, kwenye lami iliyofungwa kwa kibali na yenye angalau mita 500 nyingine za kusimamia. Barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo ina bodaboda, mbuzi, watoto wa shule na malori ya korosho yanayoelekea bandarini. Hapo si mahali pa kujaribu chochote kati ya haya, hata usiku wa manane.

Hakikisha kwanza kwamba ni tairi

RPM zikipanda haraka kuliko spidi, usiseme "tairi" moja kwa moja. Tairi linalozunguka bure hulia, mkia wa gari huenda upande, na lami hubaki na alama nyeusi. Klachi inayoteleza haina kelele: RPM hupanda, gari limetulia, na harufu kali kama ya breki zilizoungua huingia ndani. Tena klachi husumbua zaidi gia ya tatu na ya nne, ambako tairi lina nafasi ndogo ya kuteleza. Jaribio ni rahisi, katika eneo lile lile lililofungwa: weka gia ya nne ukiwa kwenye RPM 2,500, kanyaga mafuta mpaka mwisho, tazama saa ya RPM busti inapofika kileleni. Ikiruka RPM 400 au 500 huku spidi haijasogea, tatizo ni klachi, na hakuna upepo wa tairi utakaolitibu.

Bomba la intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) likichomoka au klempu ikilegea, mambo ni kinyume. RPM hazipandi vizuri, moshi mweusi unatoka nyuma, na kuna mlio wa hewa kila ukikanyaga mafuta. Gari hilo haliwezi kuteleza maana halina nguvu ya kutelezesha. Kaza klempu, kisha urudi kwenye matairi.

Geji, kompresa na jua la pwani

Nusu ya malalamiko ya "nimeweka 24 lakini bado linateleza" huishia kwenye geji. Geji ya kalamu na ile ya mpini wa kompresa ya fundi pancha zinaweza kutofautiana kwa PSI 3 au zaidi (PSI ni kipimo cha presha ya upepo), na katika kazi hii PSI 1 ina uzito. Tafuta geji ya mshale ya PSI 0 hadi 60 yenye alama za nusu PSI kwa matairi ya kawaida, na ya PSI 0 hadi 30 kwa matairi ya dragi (matairi laini ya mbio za mstari ulionyooka), kwa sababu geji za mshale husoma vizuri zaidi katikati ya kipimo chake kuliko kwenye ncha. Kisha tumia hiyo hiyo siku zote. Hata kama inakosea kidogo, itakosea vilevile kila mara, na unachokifuata ni mabadiliko.

Hewa ya Mtwara na Lindi ina unyevu mwingi. Kompresa huikusanya na maji hukaa chini ya tangi. Tangi lisipotolewa maji, mvuke huo huingia kwenye tairi, na maji yakipata joto huongeza presha kwa namna isiyotabirika, tofauti na hewa kavu. Mwambie fundi afungue kwanza koki ya chini ya tangi mpaka iache kutema maji, ndipo ajaze. Ukipata naitrojeni, faida yake kubwa hapa ni ukavu.

Joto lenyewe linahesabika. Tairi lililojazwa PSI 26 saa 1 asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 28, litasoma kati ya PSI 29.5 na 30 hewa ya ndani ikifika nyuzi 55 mchana. Kwa hiyo upepo wa mbio hupangwa pale mstarini, dakika chache kabla ya kuondoka, na kupimwa tena kabla ya kila mbio. Usipange asubuhi nyumbani ukaridhika.

Angalia pia jua linapiga upande gani. Gari likisimama nusu saa huku upande wa kulia uko juani na wa kushoto kivulini, tofauti ya nyuzi 10 kati ya matairi huleta zaidi ya PSI 1. Ukisawazisha geji wakati huo, matairi yatatofautiana tena yakishapoa au kupata moto sawa. Egesha gari zima kivulini, au funika matairi ya upande wa jua kwa turubai jeupe.

Na kama gari limetoka juu, Newala au kwingineko kwenye uwanda wa Makonde, pima upya ukifika pwani. Kila mita 100 unazoshuka, geji hupungua karibu PSI 0.17 kwa sababu hewa ya nje imekuwa nzito zaidi. Mita 600 ni PSI 1 nzima.

Vianzio

Namba hizi za PSI ni za kuanzia, zimepimwa mstarini tairi likiwa na joto la kazi:

- Tairi la kawaida la barabarani, gari la kuvuta nyuma (Mark II, Chaser, Altezza iliyowekwa tabo): nyuma 26–28, mbele 36–38.
- Tairi la kawaida, gari la kuvuta yote manne (Impreza WRX, Lancer Evolution): 28 pande zote.
- Tairi la kawaida, gari la kuvuta mbele (Starlet Glanza): mbele 24–26, nyuma 38.
- Tairi la dragi la radiali (nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu): la kuvuta anza na 17–18, kisha rekebisha kati ya 14 na 20 kutegemea uzito wa gari.
- Sliki (tairi lisilo na mifereji) la nyuzi za mkingamo, yaani zinazopishana kimshazari: 12–14.

Matairi yasiyovuta hujazwa zaidi ili yaviringike kwa wepesi, lakini usivuke kiwango cha juu kilichochapwa ubavuni. Tairi la kawaida usilishushe chini ya 22. Tairi la ubavu mfupi, 40 au 35 (namba ya pili kwenye saizi), hasa lililovutwa kwenye ringi pana, halifaidiki na kushushwa sana: ubavu hauna pa kukunjika, na ringi inaweza kugonga lami.

Tairi linateleza pale pale mstarini

Usiguse geji kabla ya kusoma alama. Chukua chaki, chora mstari mnene kwenye uso wa tairi kutoka bega hadi bega, sehemu tatu kuzunguka tairi. Ondoka kwa nguvu ya wastani mita 10, simama, tazama. Chaki ikifutika katikati na kubaki mabegani, upepo umezidi, tairi limesimama kwa tumbo lake. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, upepo umepungua na katikati pamejikunja kwa ndani. Ikifutika sawasawa, upepo uko sawa. Tafuta kosa kwingine.

Lami nayo husema jambo lile lile. Alama moja nyembamba iliyokolea katikati ni upepo mwingi. Mistari miwili myeusi yenye katikati hafifu ni upepo mdogo. Inama uiangalie kwa karibu kabla haijakanyagwa na gari linalofuata. Kisha pitisha kiganja kwenye tairi: mpira unapofanya kazi vizuri huwa vuguvugu upana wote na hunata kidogo, na chenga zake ndogo zimelala upande mmoja. Sehemu yenye ung'avu na utelezi kama kioo ndiyo iliyosagika bila kushika.

Baada ya hapo badilisha PSI 1 tu, pande zote mbili za ekseli, urudie. Andika: saa, joto, PSI kabla, PSI baada, RPM za kuondokea, muda wa mita 18 za mwanzo. Hizo mita 18 ndizo hakimu wa upepo wa tairi. Ukipunguza sekunde 0.1 hapo, kwa kawaida unaipata mara moja na nusu hadi mara mbili mwisho wa mita 402. Muda wa mwisho pekee hudanganya, kwa sababu busti au kosa la gia huuharibu bila tairi kuhusika.

Chaki ikionyesha sawa na bado linateleza, kuna mambo manne ya kutazama, na la kwanza ni mchanga. Msimu wa kusi upepo huumwaga kwenye lami zilizo karibu na ufukwe, na chembe hizo huzunguka chini ya tairi kama gololi. Fagia mita 30 za kuondokea kwa ufagio mgumu, njia zote mbili, upana wa mita 3 kila moja. Maji hayasaidii, huacha tope jembamba linaloteleza zaidi. Palipodondoka dizeli au oili, sogeza mstari mbele, usipoteze muda kusugua.

La pili ni kuunguza tairi kimakosa. Tairi la kawaida lenye mifereji lisipitishwe kwenye maji. Mifereji hubeba maji hadi mstarini na kuyamwaga chini ya tairi lenyewe. Lizungushe pakavu sekunde 2 au 3 kuondoa mchanga na kokoto, basi. Likiungua zaidi, mpira wake huwa kama mafuta. Tairi la dragi ndilo linalohitaji kuloweshwa kidogo na kuzungushwa mpaka moshi mwepesi utoke kwenye matao ya matairi, kisha liondolewe kwenye maji likiwa bado linazunguka.

La tatu ni umri. Matairi mengi ya mtumba yanaonekana mazima kwa kina cha mifereji, lakini mpira wake umekauka. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Bonyeza ukucha kwenye uso wa tairi. Ukucha usipoacha alama hata kidogo, au kukiwa na nyufa ndogo chini ya mifereji, hakuna PSI itakayolifanya lishike. Tairi la namna hiyo halifai kabisa kwa spidi hizi.

La nne ni RPM za kuondokea. Kwa gari la gia za mkono lenye tairi la kawaida, shusha RPM 300 kwa kila jaribio kabla ya kuendelea kushusha upepo.

Linashika mstarini, linateleza tabo ikiingia

Gari linaondoka vizuri, halafu mita 15 au 20 mbele busti inaingia yote kwa pamoja na mkia unaachia. Hapa watu wengi hushusha upepo zaidi, na huko ni kukosea. Tairi limeshathibitisha kwamba linashika. Kinacholishinda ni torki inayokuja ghafla. Dawa ni busti ya gia. Kama kifaa cha kudhibiti busti kinaruhusu, weka bar 0.6 au 0.7 gia ya kwanza, bar 0.9 ya pili, na busti kamili kuanzia ya tatu. Kama hakiruhusu, funga busti ya chini na ujifunze kukanyaga mafuta kwa hatua.

Angalia pia shokapu za nyuma. Shokapu zilizokufa huacha mkia ukae chini kwa kishindo kisha unyanyuke, na tabo huingia wakati ule ule uzito unapoondoka kwenye tairi. Bonyeza buti kwa nguvu, achia: mkia ukirudi na kutulia mara moja, shokapu ni nzima, ukiyumba mara mbili au tatu, badilisha.

Gari linadumaa likiachiwa klachi

RPM zinaanguka, gari linajivuta kama limefungwa kamba, kisha tabo inaamka limeshachelewa. Ushikaji umezidi nguvu iliyopo wakati huo. Hutokea hasa kwa aliyehamia tairi la dragi akabaki na RPM za zamani, na kwa Impreza, kwa kuwa matairi manne yakishika yote, injini ndogo yenye tabo kubwa haina pa kupatia mzunguko. Pandisha RPM za kuondokea 300 hadi 500. Zisipotosha, ongeza PSI 1 au 2. Usipandishe vyote kwa jaribio moja, maana hutajua kipi kilichofanya kazi.

Mkia unarukaruka

Tairi halizunguki bure wala halishiki. Linadunda haraka na gari zima linatetemeka. Achia mafuta papo hapo. Kila mdundo ni nyundo kwenye ekseli, difu (gia za kugawa nguvu kwa matairi) na kroshi (viungo) za propela, na vyuma hivyo huvunjika kabla tairi halijaisha. Sababu ya kwanza ni bushi za mikono ya suspensheni na mauntingi ya difu zilizochoka. Ingiza nondo kati ya mkono na fremu, sukuma. Bushi ikicheza kwa kuonekana na macho au mpira ukiwa umepasuka, ibadilishwe. Sababu ya pili ni upepo mdogo kupita kiasi kwenye tairi la kawaida: ubavu unajikunja, unajirudisha, unajikunja tena. Ongeza PSI 2. Ikiwa mdundo umepungua lakini haujaisha, bushi bado zinakudai.

Linavuta upande mmoja

Pima kushoto na kulia kwa geji moja, matairi yakiwa na joto sawa. Tofauti isizidi PSI 0.5. Yakiwa sawa na bado linavuta, tazama alama za lami. Alama ya tairi moja tu inaonyesha difu ya kawaida inayopeleka nguvu kwenye tairi lenye ushikaji mdogo. Hilo halirekebishwi kwa upepo, linahitaji difu ya kubana, inayopeleka nguvu kwa matairi yote mawili. Alama zikiwa mbili na gari likielekea upande, peleka kwenye alaimenti.

Kwa gari la kuvuta yote manne, pima mzingo wa kila tairi kwa futi ya fundi cherehani, ukiizungusha katikati ya uso wa tairi likiwa limenyanyuliwa na upepo ukiwa sawa yote manne. Kwa Subaru, tofauti isizidi robo ya inchi, yaani kama milimita 6. Tairi likilika milimita 1 zaidi ya mwenzake, mzingo hupungua zaidi ya milimita 6, kwa hiyo tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika tayari ni kosa. Hata saizi zinazoonekana kulingana hazilingani: 225/45R17 na 225/50R16 zinapishana karibu milimita 9. Difu ya kati hufanya kazi muda wote kusawazisha tofauti hiyo, hupata moto, na mwisho hufa. Usijaribu kuziba pengo hilo kwa upepo.

Linayumba karibu na mwisho

Likishika vizuri mwanzoni kisha mkia ukaanza kuogelea kwenye spidi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi, ubavu ni laini mno kwa spidi hiyo. Achia mafuta taratibu, usikanyage breki kwa ghafla. Ongeza PSI 2 nyuma hata kama utapoteza kidogo mita 18 za mwanzo. Sliki la nyuzi za mkingamo nyuma pamoja na radiali mbele hulifanya gari liyumbe hivi hivi, na hapo upepo husaidia kiasi tu. Soma pia herufi ya spidi ubavuni: S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210, V 240, W 270. Viwango hivyo ni vya tairi lenye upepo kamili, si lililoshushwa.

Upepo unapotea, au ringi inazunguka ndani ya tairi

Paka povu la sabuni kwenye vali, kisha kuzunguka ukingo wa ringi. Povu likichemka ndani ya vali, kaza au badilisha moyo wa vali. Likichemka ukingoni, tairi litolewe: chumvi ya bahari hula ringi na kuacha magamba meupe pale tairi linapokaa. Yasuguliwe kwa brashi ya waya na msasa laini mpaka chuma kiwe nyororo.

Kwa tairi lililoshushwa, chora mstari mweupe wa rangi unaovuka kutoka ringi hadi tairi. Baada ya kila mbio utazame. Mstari ukiachana hata sentimita 2, ringi imezunguka ndani ya tairi: balansi imeharibika na tairi linaweza kuchomoka. Ongeza PSI 2. Kama tairi limefungwa siku hiyo hiyo, huenda sabuni ya fundi pancha bado haijakauka. Lipewe siku nzima kabla ya mbio.

Kabla ya kuondoka uwanjani

Upepo wa mbio haurudi nao mtu nyumbani. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, na tairi la PSI 22 kwa mwendo huo, jua likiwaka, hukunja ubavu kila mzunguko mpaka nyuzi za ndani zinaungua. Linapasuka bila dalili. Beba kompresa ndogo ya betri la gari. Matairi yakiwa bado ya moto, jaza mpaka kiwango cha stika ya mlangoni, kisha ongeza PSI 3 juu yake, kwa sababu yatapungua yakipoa. Kaza nati za ringi kwa spana ya torki, Nm 103 kwa Toyota, ukivuka kutoka nati moja hadi iliyo mkabala nayo. Asubuhi ya pili, kabla gari halijasogea, pima tena na ushushe au uongeze mpaka namba ya stika.